Mkono Usiojua Kuachia

Siku mkono wa kulia wa baba ulipoanza kufufuka, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi nakula muhogo wa kukaanga na kuusema vibaya Ulingo, mchezo uliokuwa ukiufufua.

"Ndevu za huyu mwalimu zinapita ndani ya bega lake," nilimwambia mama, nikionyesha picha ya mchezo iliyokuwa ikirushwa ukutani. "Mtazame. Akigeuka tu, ndevu zinazama kifuani zinatokea mgongoni. Halafu ana methali moja. Ukishinda, haba na haba hujaza kibaba. Ukishindwa, haba na haba hujaza kibaba. Ukimsalimia, kibaba."

Mama hakuwa akiutazama ukuta. Alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, macho kwa baba. Baba alikuwa katikati ya sebule, amevaa fulana nyeusi ya Ulingo na miwani yake ya kuchezea, ameegemea kiti kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ambao tangu apatwe na kiharusi ulikuwa ukining'inia tu, ulikuwa unapanda. Ulifika kiunoni ukatetemeka, ukapita kiunoni, ukafika kifuani. Bakora yake ilikuwa ndani ya kiganja, imeshikwa barabara.

"Bi Mize," baba aliita kutoka ndani ya miwani, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Huyu anayeinua mkono ni mimi au ni fulana?"

"Ni wewe," mama alisema, ingawa hakujua. Chai ilikuwa inammwagikia miguuni wala hana habari.

Nikaacha kutafuna. Nililia na muhogo mdomoni, na sioni aibu kusema hivyo, maana hata wewe ungelia.

*

Kazi yangu ni kulalamika. Jopo la Michezo Hai liliniajiri kwa sababu tangu utotoni nilikuwa siridhiki na kitu, na mtu wa namna hiyo hufaa kukagua michezo ya mtandaoni kabla haijaruhusiwa kuenea. Naingia mchezoni, nacheza, natoka, nasema wazi kizuri ni kipi na kibovu ni kipi. Mama aliponipa jina la Mwanvita hakukosea.

Ulingo ulikuwa umeletwa kwetu kwa ombi kubwa kuliko yote niliyowahi kuyakagua: serikali ilitaka kuuingiza katika kila shule ya sekondari, ushike nafasi ya kipindi cha mazoezi ya viungo. Watoto wetu walikuwa wamekuwa wazito, wanashinda wamekaa, na hapa palikuwa na mchezo uliowatoa jasho bila kuwafukuza na kiboko. Nililiambia Jopo mapema kwamba baba yangu anautumia kwa matibabu. Mwenyekiti wetu, Bi Kokuhirwa, akacheka. Nusu ya nchi inautumia, alisema, nikikutoa wewe nitamleta nani?

Siri yote ya Ulingo ni ile fulana. Imefumwa kwa nyuzi zinazosikiliza misuli. Ubongo ukituma amri, hata iwe dhaifu kama ya baba yangu, nyuzi zinaidaka, zinaikuza kwa shoti ndogo isiyouma, na msuli unatii. Kwa mtu mzima wa afya, ambaye hajawahi kukunja ngumi maishani, kazi ni hiyohiyo: teke linakuja, fulana inamvuta, anajikuta amekwepa. Mara za mwanzo fulana ndiyo inayokwepa. Baadaye wanakwepa wote wawili. Mwishowe fulana inakaa kimya na mwili unakwepa wenyewe, kwa sababu mwili hauna habari kwamba ule ulikuwa mchezo.

Kasoro nilizikuta nyingi, na nilizifurahia moja moja. Zile ndevu. Farasi wanaopanda ngazi kinyumenyume. Mgeni anayeingia bila rafiki hupigwa na wazoefu hadi achoke na kutoka. Vita vya magenge ambavyo ukivikosa siku moja unashushwa ngazi, kwa hiyo watu wanacheza huku wanaugua. Lakini mazuri nayo yalinishinda kuyakataa. Niliona dereva wa lori wa Tunduma akifundishwa mieleka na bibi wa Kibondo, na yule bibi akimkemea kama mjukuu wake. Niliona watu wanaopigana mchana kutwa wakipeana pole ya msiba jioni. Na kila mtindo wa kupigana uliomo ulichukuliwa kwa mabingwa wenyewe, watu hai waliovishwa nyuzi wakarekodiwa, hata mchezo wa fimbo wa kwetu Tanga, ambao baba aliucheza katika kila harusi ya ujana wake.

Siku moja niliingia kumtafuta humo ndani. Nilimkuta uwanjani, amenyooka. Mvi alikuwa nazo, kwa sababu alikataa kuchagua sura ya ujana, lakini alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili na fimbo ya mpera mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Inua fimbo."

"Nimekuja kikazi, siku—"

Akanipiga ya utosi kabla sijamaliza. Haikuuma, fulana ilinitekenya tu, lakini nilianguka kwa mshangao nikabaki nimekaa vumbini. Baba alinicheka mpaka akashika mbavu. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka, na nilikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili aendelee.

Nyumbani mkono ulizidi kurudi. Alianza kushika kijiko, kisha mswaki, kisha bakora yake ya kutembelea. Jambo moja tu lilikuwa gumu, nalo tulilichukulia kama mzaha: akishashika kitu, vidole havikubali kuachia. Kila jioni mama alimkalia mbele, akamfungua kidole kimoja kimoja kama anayemenya ndizi, wakitaniana. "Mume wangu siku hizi mchoyo," mama alisema, "hata kijiko ananinyima."

*

Ilitokea alasiri, uani. Baba alikuwa amesimama bila fulana wala miwani, na bakora yake, anawatazama kuku wa jirani walioruka ukuta. Upepo wa baridi ulikuwa umeanza. Mama akatoka jikoni na shuka, akamjia kwa nyuma kama alivyomjia miaka yote ya ndoa yao, akanyoosha mikono amfunike mabega.

Sikuona bakora ikipanda. Niliiona imekwisha kushuka. Baba alikuwa amegeuka kwa kisigino, safi kabisa, kama yule wa uwanjani, na mkono wa kulia ulikuwa umempiga mama kwenye mkono aliojikingia. Nikasikia mfupa. Kisha bakora ikapanda tena, kwa sababu katika Ulingo pigo la kwanza halitembei bila la pili, na nikaona uso wa baba. Alikuwa anautazama mkono wake kwa hofu ambayo sijaiona kwa mtu.

"Hauachii," alisema. "Mize, kimbia, hauachii."

Mama hakukimbia. Alikuwa ameduwaa. Basi baba akafanya jambo pekee lililobaki ndani ya uwezo wake: akajitupa chini. Alianguka kwa ubavu juu ya saruji, akaulalia mkono wake mwenyewe, na bakora ikapiga sakafu karibu na miguu ya mama.

Nilipomfikia alikuwa anahema. Vidole vilikuwa bado vimeikamata bakora, na mama, kwa mkono wake mmoja uliobaki mzima, alipiga magoti akaanza kuvifungua.

Hospitali walimfunga mama plasta ngumu kuanzia kiwiko. Daktari alipouliza, mama alisema ameteleza bafuni. Alisema bila kupepesa, na baba, aliyekaa kwenye benchi pembeni, akainamisha kichwa.

Kesho yake baba alikuwa amelala, nikamkuta mama jikoni akijaribu kuchambua mchele kwa mkono mmoja. Nikachukua ungo.

"Mama, kikao cha Jopo ni wiki ijayo."

"Najua."

"Ule haukuwa mkono wa Baba. Ni mafunzo ya fulana. Mtu yeyote aliyejifunza fimbo humo ndani anaweza kufanya vilevile."

"Najua pia. Sikuolewa jana." Aliokota punje ya jiwe akaitupa. "Sasa nisikilize. Yule mwanamume nimemwogesha mwaka mzima. Nimemlisha uji kwa kijiko, akigeuza uso ukutani nisione machozi. Leo anajilisha. Wewe ukienda kusema, watauzima huo mchezo, na mkono utarudi kuning'inia. Hilo la kwanza."

"Na la pili?"

"La pili ni kwamba hakuna atakayesikiliza habari za nyuzi na shoti. Watu watasikia neno moja tu: Kibwana anampiga mkewe. Hajawahi kuninyooshea hata kidole. Nimekaa naye ndani ya nyumba hii, mtaa mzima unamtolea mfano vijana wakioa. Unataka nimvue heshima yake na mkono wake kwa siku moja?" Alinikazia macho. "Aliyepigwa ni mimi. Siri ni yangu. Isivuke kizingiti hiki."

Nikainamia ungo, nikaendelea kuchambua.

*

Nilirudi Ulingoni peke yangu. Safari hii sikwenda kupigana. Nilizunguka viwanja vya fimbo, nikawa nawajia watu kwa nyuma, wachezaji hai na wale wa kutengenezwa, na kuwagusa begani kwa kutaka salamu. Kila mmoja aligeuka na kunipiga, hata aliyenipiga na kusema samahani papo hapo. Nilianguka mara nyingi hadi fulana ikaniomba nipumzike.

Nikakaa vumbini nikifikiri juu ya harusi. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunasimama pembeni tukitazama wanaume wakicheza fimbo. Wawili wanapambana, ngoma inalia, na waliozunguka wanangoja zamu. Anayetaka kuingia haombi kwa mdomo. Anamjia mmojawapo kwa nyuma, anamgusa bega, na aliyeguswa hushusha fimbo na kumkabidhi papo hapo, hata kama alikuwa anashinda, hata kama amepandwa na hasira. Hilo tuliliita kupokea. Mtu aliyeguswa asiachie fimbo alikuwa hachezi tena, kwa maana amesahau kwamba ile ni harusi.

Humo Ulingoni hakuna aliyepokea. Tangu mlango wa kwanza hadi ngazi ya juu kabisa, hakuna hata kiumbe mmoja anayekujia kwa nyuma kwa wema.

Nikampigia simu Elinihaki Mbwambo, mhandisi aliyeujenga Ulingo. Ni Mpare wa Same, mpole, mwenye subira ya kutosha kuzipokea simu zangu kuhusu ndevu. Nikamweleza habari ya kupokea, na nikamuuliza iko wapi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, "Dada Mwanvita, siku tuliyorekodi wale wazee walikuja kama kumi na zaidi. Mimi nikawaambia waingie wawili wawili, wengine wasubiri nje. Watu wakiwa wengi nyuzi zinachanganya nani ni nani. Mzee mmoja akaniuliza, sasa atanipokea nani? Nikadhani anauliza habari za usafiri." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nikamwambia gari lipo."

"Kwa hiyo walipigana tu."

"Walipigana mpaka niseme basi. Wana adabu wale, hawakunikatalia." Kisha akauliza, "Nani kaumia?"

"Kwa nini unauliza nani, wala huulizi kama kuna aliyeumia?"

Akakiri. "Kuna malalamiko. Machache. Kijana mmoja wa chuo alifumbwa macho na rafiki yake kwa nyuma, utani tu, akamng'oa meno."

Shuleni watoto hufumbana macho kutwa nzima. Wanarukiana migongoni, wanavutana mikoba. Nilipolisema hilo Elinihaki hakubisha.

"Naweza kurekebisha," alisema. "Nikiwarudisha wale wazee wote, tukarekodi upya, kupokea kukaingia kwenye kila kiwanja. Lakini ni kazi ya miezi. Ukilisema kwenye kikao, watatuzima, vijana wangu watatawanyika, na hakutakuwa na wa kurekebisha. Acha tupite, dada. Mimi nitalifanya kimyakimya, naapa kwa mama yangu. Watoto wataanza mwakani, nami nitakuwa nimemaliza. Karibu nimemaliza."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa mtu mwema anayenipa njia ambayo ingemwacha baba na mkono wake, mama na siri yake, na yeye na kazi yake. Kilichotakiwa ni mimi tu kulalamikia ndevu na kunyamaza kuhusu mfupa. Na katikati ya hiyo mwakani yake na hiyo karibu nimemaliza yake, angekuwepo mtoto wa mtu mwingine, amesimama nyuma ya rafiki yake, ananyoosha mikono kumfumba macho.

Asubuhi ya safari ya kwenda kikaoni nilimkuta baba ameketi ukingoni mwa kitanda. Fulana ya Ulingo ilikuwa imekunjwa juu ya mto. Hakuwa ameigusa tangu siku ile.

"Mama yako kaniambia amekukataza," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Mimi sikukatazi wala sikuamuru. Aliyevunjwa ni yeye." Aliutazama mkono wake uliolala pajani. "Ila nitakwambia ninachokijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na haya maradhi si yangu peke yangu."

Nilipanda treni ya Dodoma nikiwa sijui nitasema nini. Ni kweli kabisa. Watu hupenda kusimulia kwamba waliamua mapema.

*

Ukumbi ulijaa. Elinihaki alikuwa mstari wa mbele, amevaa suti iliyomzidi mabega. Bi Kokuhirwa akaniita, nikasimama, nikaanza na mazuri kama ilivyo kawaida yetu. Nikaeleza habari ya yule bibi wa Kibondo. Nikaeleza mkono ulivyopanda sebuleni kwetu hadi kifuani, na nikaona watu wakitabasamu. Kisha nikaingia kwenye kasoro. Wakacheka kwa ndevu. Wakacheka kwa kibaba. Ningeweza kuketi pale pale, na wote wangepiga makofi.

"Kuna moja imebaki," nikasema. "Mchezo huu umemfundisha baba yangu kushika, haukumfundisha kuachia. Juma lililopita mama yangu alimjia kwa nyuma kumfunika shuka, na mkono ule ule niliousifu ukamvunja mfupa. Baba alijitupa kwenye saruji ili usimpige tena."

Hakuna aliyecheka. Nikaeleza kupokea, nani anamgusa nani na fimbo inakwenda wapi. Nikasema waziwazi kwamba mama yangu alinikataza kulisema hili, na kwamba nimemkosea ili watoto wasiojua lolote wasijifunze kupiga bila kujifunza kuachia. Nikaomba Ulingo usifungwe. Nikaomba uzimwe kwa muda, urekebishwe hadharani, na urudi.

Bi Kokuhirwa alimgeukia Elinihaki. "Mhandisi, ulijua?"

Angeweza kukana. Nilimwona akipima. "Nilijua nusu," alisema. "Nusu nyingine nilikuwa naikwepa."

Jopo liliamua vile nilivyoomba. Ulingo ulizimwa nchi nzima, na Elinihaki akapewa nafasi ya kuurekebisha chini ya macho yetu. Kesho yake habari ilikuwa kila mahali, na mtaani kwetu ilifika kama mama alivyotabiri, fupi na mbaya. Fundi cherehani wa jirani alimpita baba bila salamu.

Mama aliacha kusema nami. Hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akanifulia kanga zangu kwa mkono mmoja nisimwone, na hakunipa hata neno. Akitaka chumvi alimwambia baba, naye baba akaniambia mimi, wote watatu tukiwa kwenye mkeka mmoja. Na mkono wa baba ukaanza kushuka. Kijiko kikamponyoka, mswaki ukarudi mkono wa kushoto. Kila nilipouona unateremka nilijiuliza kama nilikuwa na haki ya kuugawa mkono ambao si wangu, na siwezi kusema nilipata jibu. Niliumia tu, nikaendelea kuamini kwamba nilifanya sawa, mambo hayo mawili kwa pamoja.

Lakini wale wazee walirudi. Safari hii Elinihaki aliwaalika na wapiga ngoma, akawaita na vijana wao, akawaambia wacheze kama wako harusini, na nyuzi zichanganye zitakavyo, yeye atachambua. Alikaa nazo hadi macho yakawa mekundu. Kilichotoka, Jopo liliruhusu kijaribiwe na watu wachache waliokubali, na baba alikuwa wa kwanza kuandika jina.

Ulingo mpya ulikuwa mgumu kuliko wa kale. Ukiwa katikati ya pambano, unashinda, mara unaguswa bega, na fulana inakushusha mkono na kukufungua vidole utake usitake. Wazoefu walitukana. Wengine walihama. Baba aliguswa bega siku baada ya siku na wageni wasio na sura, akawakabidhi fimbo, akangoja zamu yake, akawagusa na yeye.

*

Siku ya jaribio la mwisho Elinihaki alikuja Tanga na mwanasesere wa mpira mwenye magurudumu, aliyevalishwa baibui. Baba alisimama uani bila fulana wala miwani, na bakora mkono wa kulia. Yule mwanasesere angesukumwa hadi nyuma yake amguse bega.

"Mwondoe huyo," mama alisema kutoka mlangoni.

"Mama, ni kwa usalama," Elinihaki alimwambia.

"Mwanasesere hana mume." Alikuwa ameshika shuka. Plasta ilikuwa imetolewa, na mkono wake ulikuwa mwembamba kidogo kuliko mwenzake. "Mnataka kujua kama anaweza kuishi na mashine, au anaweza kuishi nami?"

Nikafungua mdomo kumzuia. Baba akanitangulia, bila kugeuka. "Bi Mize, kama hauachii, nitajitupa tena."

"Najua," mama alisema. Akaanza kutembea.

Hakutembea kwa uangalifu. Alitembea kama siku zote, kandambili zikiburuzika, akapita karibu nami bila kuniangalia, akafika nyuma ya baba na kuweka kiganja chake begani.

Mgongo wa baba ulikaza. Kisigino kikageuka. Bakora ikapanda, na nilimsikia Elinihaki akitaja jina la Mungu kwa Kipare. Ilipanda hadi usawa wa sikio, ikasimama hapo, ikitetemeka. Kisha ikaanza kushuka, polepole, ikiongozwa na kitu ambacho hakikuwa fulana, kwa sababu fulana ilikuwa imekunjwa ndani ya begi. Baba aliinyoosha mbele ya mama ikiwa imelazwa, kama mtu anavyotoa zawadi. Kidole gumba kikafunguka. Cha shahada kikafuata. Vingine vilisita, vikaja kwa pamoja, na kidogo cha mwisho kikang'ang'ania peke yake. Mama hakukigusa. Alingoja.

Kikaachia.

Baba aliutazama mkono wake uliokuwa mtupu na wazi, akaukunja, akaufungua tena. Kisha akaulaza juu ya ule mkono mwembamba wa mama, mahali pale pale palipovunjika, na akalia kwa sauti bila kugeuza uso ukutani. Elinihaki naye alikuwa analia, na mimi nilikuwa nacheka, ambavyo ndivyo ninavyolia nikishindwa.

Mama alibaki na bakora. Aliipima uzito, akaizungusha mara moja hewani, na kwa mzunguko ule nikaelewa kwamba wale wanawake waliokuwa wakisimama pembeni harusini hawakuwa wakitazama bure. Akanigeukia.

"Na wewe, mwenye mdomo wa Dodoma," aliniambia. "Unacheka nini? Ingia uwanjani."

Nikavua viatu, nikachukua fagio, nikaingia.